Fahamu: Elimu jumuishi ni nini?

Ni mtoto mwenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzake, akipewa anachohitaji: mteremko mlangoni, maandishi ya nukta nundu au lugha ya alama.

Sheria inasemaje?
Kifungu cha 49 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Sheria inayohusu haki zao ni ya Mei 3, 2022.

Lulimba, katika eneo la Fizi, inahusikaje?
Vita vya huko Fizi huacha majeruhi na kukatisha masomo. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini kufuta karo hakumfikishi darasani asiyeweza kutembea.

Mzazi afanye nini?
Mwandikishe mtoto, umweleze mwalimu mahitaji yake.