Simama Ukingoni mwa Ua

Mwaka juzi tulipata mgeni hapa Ombaci, karibu na Arua nchini Uganda, dada mmoja wa Nairobi ambaye miguu yake haikai mahali pamoja. Miezi michache kabla ya kuja kwetu alikuwa Otsuchi, mji mdogo wa pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani, na jioni ya kwanza alitusimulia mengi ya huko. Viatu vinaachwa mlangoni, pale sakafu inapoinuka. Kwenye bafu la pamoja unaoga kwanza, unajisuuza povu lote, ndipo unaingia kwenye maji ya moto na wenzako. Vijiti vya kulia usivisimike kwenye bakuli la wali, kwa kuwa wali anaowekewa marehemu ndio unaochomekwa vijiti namna hiyo. Yote hayo aliyasoma kabla ya kupanda ndege, akayashika kama mtoto anavyoshika sala.

Hasa alichokifuata Otsuchi ni simu. Mwaka 2010 mzee mmoja wa huko, Itaru Sasaki, aliweka kibanda cheupe cha simu bustanini kwake, kwenye kilima kinachotazama bahari, apate kuzungumza na binamu yake aliyekufa. Waya wa simu ile haukuungwa popote. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Machi, bahari ilipanda ikauzoa mji. Watu zaidi ya 1,200 wa Otsuchi walikufa au hawakuonekana tena, na tangu hapo waliofiwa hufika bustanini, hunyanyua mkono wa simu na kusema na watu wao. Dada yule alituambia alisimama nje ya bustani muda mrefu, akihofia kumkuta mtu katikati ya mazungumzo. Kamera hakuitoa mkobani.

Nilimsikiliza nikaumia, kwa sababu mchana wa siku ile ile nilimwona alivyoingia kwetu. Alishuka kwenye bodaboda barabarani, akaukata ua wetu kwa hatua ndefu, simu mbele ya uso ikirekodi, akamfikia shangazi yangu aliyekuwa ameinama akianika muhogo, akauliza bila kusimama: "Mama, kaburi la wale watu wa 1981 liko wapi?" Shangazi alinyoosha mkono kuelekea misheni, kichwa hakukiinua. Dada yule hana dharau. Aliamini tu, kama wengi waliomtangulia, kwamba Japani kuna desturi za kujifunza na Ombaci kuna kaburi la kutazama.

Kaburi lipo. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliingia kwenye misheni ya Wakatoliki hapa, kando ya barabara ya Arua kwenda Koboko. Maelfu ya raia walikuwa wamejihifadhi humo, wakitumaini kanisa na bendera ya Msalaba Mwekundu. Waliuawa makumi, wanawake na watoto wakiwemo. Kila mwaka siku hiyo tunakusanyika kuwaombea. Hayo huandikwa kila anapopita mwandishi, na yaendelee kuandikwa. Mimi leo nataka kuandika juu ya ua.

Ua wetu sisi Walugbara hufagiwa alfajiri. Ukiuwahi kabla watoto hawajaukanyaga utaona michirizi ya ufagio imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Pale michirizi inapokoma na nyasi zinapoanza, hapo ndipo mlango wetu ulipo. Mlango wa mbao wa nyumba ni wa kuzuia mbuzi na mvua. Mgeni husimama ukingoni, hukohoa au huita, hungoja. Hangoji sana, maana alishaonekana tangu akiwa njiani. Mtoto atatumwa kiti, kiti kitafutwa vumbi kwa kiganja hata kama hakina vumbi, na mgeni ataketi. Salamu huanza hapo, akishaketi. "Mi ngoni?" "Muke." Kisha nyumba yako ikoje, watoto, wazee, mvua ya kwenu, barabara uliyopita. Wasafiri wenye haraka husema tunapoteza muda. Lakini katika maswali hayo ndimo mwenyeji anapojua kama umetoka msibani, kama una njaa, kama umekimbia kitu. Hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Ukilitaja jambo lako kabla maji ya kunywa hayajafika, umetuambia kwamba sisi hukutujia.

Chakula hupikwa hata ukiapa umeshiba. Enyasa yetu ni ugali wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama, una rangi ya udongo wa mfinyanzi, na kuusonga ni kazi ya mabega. Shangazi akishamaliza mwiko, hulowesha kibuyu kilichopasuliwa nusu, hutia donge ndani, hukizungusha kwa mikono miwili mpaka donge linakuwa mviringo na kung'aa, kisha hulipindua kwenye sahani kwa pigo moja. Lisipong'aa halipelekwi kwa mgeni. Mboga itakuwa osubi, majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga za kusaga, au angaraa, samaki wakavu, na wakati wa mvua huenda ukapata kumbikumbi, ambao nakuomba usiwakunjie uso. Msichana atakuletea maji ya kunawa, atapiga magoti na kukumiminia. Juu ya magoti hayo nimesoma mengi ya kutuhukumu. Nilipiga magoti miaka yote ya utoto wangu na sikuwahi kuona kwamba napungua. Nilijua tu kwamba aliye mbele yangu ametembea na mimi nilikuwa nyumbani. Kwamba hata mvulana angepaswa kushika jagi lile, hilo nakubali, na kwangu wanalishika.

Sitaandika juu ya kung'olewa meno ya chini na kuchanjwa usoni, ni mambo ya zamani, wala juu ya mahari, ambayo makabila mengi yanayo. Vitabu vimejaa hayo.

Jambo jingine linalowashtua wageni ni makaburi uani. Huandika kwamba tunaishi na mauti. Babu yangu amelala hatua kumi kutoka jikoni, na muhogo huanikwa juu ya saruji yake kwa sababu hapo jua ni zuri na yeye hajawahi kukataa. Tungempeleka wapi? Zamani kulikuwa pia na vijiwe vya ori, vya kuwapa mababu sehemu yao ya nyama na pombe. Makanisa yalivifagia, nami ni Mkatoliki na sivililii sana. Lakini mazungumzo hayakufagiwa. Shangazi akiokota maembe humwambia babu mti umezaa kiasi gani. Dada wa Nairobi aliyetoka kumsifu mzee wa Otsuchi kwa simu isiyo na waya alimpiga picha shangazi akisema na kaburi, akaniuliza kama mama huyu ni mzima kichwani.

Ninacholilia kwa kweli ni cere. Tamka chere. Ni mwito wa sauti nyembamba ya juu, unaovuka bonde na kufika kilima cha pili, na kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, alikuwa na wake, wenye mahadhi yake na maneno yake, na mwingine haruhusiwi kuutoa. John Middleton, Mwingereza aliyeanza kuishi kati ya Walugbara mwaka 1949, aliueleza katika maandishi yake. Ulitolewa hatarini, mawindoni, kwenye ngoma za msiba, na jioni mtu anaporudi kutoka kunywa pombe ya kpete. Cere ya bibi yangu ilianzia chini, ikapanda mara mbili, ikakatika ghafla kama mtu aliyejikwaa, ndipo ikashuka taratibu. Maneno yake yalimhusu mwanamume aliyeahidi ng'ombe akaleta mbuzi. Ilipofika kwetu tuliweka maji motoni, na bibi akifika kwenye mwembe yakawa yamepata moto.

Mwaka 1981 nilikuwa na miaka saba. Tulivuka usiku kwenda Zaire, bibi akinishika mkono. Mpaka ule haukuchorwa na sisi: West Nile, eneo letu hili, ilikuwa ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, mwaka 1910 ikawekwa chini ya Sudan, ikapewa Uganda mwaka 1914, na Walugbara wakabaki pande zote mbili. Tulifika kwenye boma la kwanza upande wa Aru. Kwa desturi bibi angetoa cere tangu mbali, wajue anayekuja ni mwanamke na anakuja kwa amani. Hakuthubutu, kwa hofu ya askari. Alisimama ukingoni mwa ua wa watu asiowajua, kimya, mbwa wakibweka. Mzee mmoja alitoka na koroboi, akatutazama miguu, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na kiti. Akakiweka palepale tulipokuwa tumesimama, kwenye mstari wa ufagio, bibi aketi. Jina tuliulizwa asubuhi.

Tulikaa upande ule miaka mitano. Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota sokoni Ariwara nikiuza karanga. Tuliporudi Ombaci bibi hakutoa cere tena. Akiombwa alisema koo limekauka. Wengi wa rika lake walirudi hivyo hivyo, na watoto wao hawakupata pa kusikilizia. Siku hizi anayerudi jioni anapiga honi ya bodaboda au anabipu. Nimewahi kuona kikundi cha vijana jukwaani, wamevaa sare, wakatoa cere kumi kwa pamoja, moja hiyo hiyo, watu wakapiga makofi. Niliondoka kabla ya ngoma kuisha.

Kiti, hata hivyo, tumebaki nacho. Kuanzia 2016 Wasudan Kusini walipomiminika, kambi ya wakimbizi ya Bidibidi kule Yumbe ikapokea zaidi ya watu 200,000, na ardhi waliyojengea ilitolewa na wenyeji. Wazee wa kule husema waziwazi: na sisi tulikuwa wakimbizi. Wageni huandika juu ya ukarimu huo kana kwamba umeota wenyewe kama majani baada ya mvua.

Siku ya tatu dada wa Nairobi alirudi kutoka misheni jioni. Alifika kwenye michirizi, akasimama. Simu ilikuwa mfukoni. Shangazi alimwacha kidogo, kisha akamtuma mtoto kiti. Usiku ule tulizungumza sana, na nilipomsimulia habari za bibi yangu, aliniomba nimtolee ile cere aisikie, hata polepole. Ninaijua yote, mpaka pale bibi alipokuwa akivuta pumzi. Nilimwambia siwezi, ni ya bibi. Akaniuliza, basi yako? Sikuwahi kutunga.