Pointi Moja si Hekta 0.1
Kuanzia Suneka hadi Keroka, shamba hutajwa kwa ekari na ploti kwa futi, hamsini kwa mia. Kipande kidogo huhesabiwa kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya kumi ya ekari, yaani kama mita za mraba 405. Hatimiliki lakini huandikwa kwa hekta, na hekta moja ni ekari 2.47.

Hapo ndipo familia zinapoumia. Chukua mzee mwenye hekta 0.4, karibu ekari nzima, anayewagawia wanawe wanne sawasawa. Kila hati itaandikwa 0.1. Kijana akidhani hiyo ni pointi moja na kuuza kwa bei ya pointi moja, amempa mnunuzi mita za mraba 1,000 kwa bei ya 405. Zaidi ya nusu ya urithi wake imekwenda bure, tena katika kaunti hii ya Kisii, ambako sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la kufidia atalipata wapi?

Mnunuzi naye ajihadhari. Ploti ya 50 kwa 100 hunadiwa kuwa thumuni ya ekari, ilhali thumuni kamili ni futi za mraba 5,445, si 5,000. Kisha vipimo vikikatwa hadi mita 15 kwa 30, hati hutoka na hekta 0.045. Futi hizo, kwa hesabu kamili, ni mita 15.24 kwa 30.48.

Na milima yetu ina hesabu yake. Ramani huichukulia ardhi kama tambarare. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, futi 100 za tepe iliyolazwa juu ya nyasi hubaki mita 28.6 tu kwenye ramani. Karibu mita mbili zimemezwa na mlima. Ndiyo maana mpima ardhi huivuta tepe mlalo, kipande kwa kipande.

Tena, hati nyingi za vijijini hutaja ukubwa wa kukadiria, na mpaka wenyewe ni ua au mikonge iliyopandwa. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, mzozo wa mpaka wa aina hiyo huanzia kwa msajili wa ardhi kabla ya kufika mahakamani. Kwa hiyo mkataba wa mauziano uandike urefu wa kila upande kwa mita, na ukubwa kwa hekta, kabla shilingi ya kwanza haijalipwa.