Kubadili Bodi Mama Bila Kupoteza Kazi

Kompyuta ipelekwapo kwa fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, ili ibadilishwe bodi mama, wengi hudhani kwamba lazima mfumo endeshi usimikwe upya. Sivyo. Mfumo huo na faili zote vimo katika diski, si katika bodi. Windows 10, iliyotolewa mwaka 2015, na zilizoifuata, aghalabu hujitafutia viendeshi, yaani programu ndogo za kuwasiliana na bodi mpya. Hatari iko kwingine. Iwapo diski imefungwa kwa kufuli la BitLocker, ufunguo wake mara nyingi hulindwa na chipu iliyomo katika bodi ya zamani. Bodi hiyo ikitolewa, mfumo hudai tarakimu 48 za dharura. Asiyekuwa nazo hazioni tena faili zake. Basi tarakimu hizo ziandikwe, na faili zinakiliwe, kabla bisibisi haijashikwa.