Chanjo kabla ya safari: usisubiri jina lako libandikwe kwenye ubao

Imeandikwa na mhudumu wa afya wa jamii wa kujitolea



Kila jina la mkimbizi linapobandikwa kwenye ubao wa matangazo, nyumba ile inajaa watu. Majirani wanakuja kupongeza, mama anaanza kufikiri atauza nini na ataacha nini, watoto wanauliza kama kule kuna baridi. Katika furaha hiyo kitu kimoja husahauliwa, nacho ni chanjo. Watu wanaikumbuka wakati siku zimekwisha kuwa chache, na chanjo haina haraka ya binadamu. Ina siku zake.

Katika toleo hili tunaeleza ni chanjo gani zinazotakiwa kabla ya kuvuka mpaka au kupanda ndege, na kwa nini inafaa uanze kuzishughulikia leo. Maneno haya si ya wale tu wanaokwenda nchi ya tatu. Yanamhusu pia anayerudi Kongo, mwanafunzi aliyepata nafasi ya kusoma nchi nyingine, na mama anayemfuata mume wake ng'ambo.

SURUA: UGONJWA UNAOWEZA KUSIMAMISHA NDEGE

Wengi wetu tunaiona surua kama ugonjwa wa kawaida wa watoto. Tunasema, "Kila mtoto lazima aipate." Lakini kumbuka mwaka 2019 nchini Kongo. Mpaka mwanzoni mwa Januari 2020, watu zaidi ya 310,000 walikuwa wamehesabiwa kuwa na dalili za surua tangu mwaka ule uanze, na zaidi ya 6,000 walikuwa wamekufa. Wengi wao walikuwa watoto wadogo.

Surua inapita katika hewa. Mgonjwa akikohoa ndani ya nyumba halafu akatoka, virusi vyake vinaweza kubaki humo hadi saa mbili. Watu 10 wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa, karibu 9 wataupata. Na mgonjwa anaanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka, wakati hata mama yake anafikiri ni mafua tu. Sasa fikiri watu waliokaa pamoja kwenye kituo cha kusubiria safari, wakalala chumba kimoja, wakapanda basi moja na ndege moja.

Jambo hili limekwisha tokea. Agosti 2011, kijana mkimbizi wa miaka 15 kutoka Burma, ambaye alikuwa hajachanjwa, alisafiri kwa ndege kutoka Malaysia kwenda Marekani akiwa na surua. Ndani ya ndege ile walikuwamo wakimbizi 31, nao walipofika walitawanyika katika majimbo mbalimbali. Wagonjwa wengine wakaonekana. Safari za wakimbizi kutoka Malaysia zikasimamishwa kwa muda, na watu waliokuwa wamefunga mizigo wakabaki.

Tena Septemba 2021, ndege zilizokuwa zikiwapeleka watu wa Afghanistan kwenda Marekani zilisimamishwa kwa sababu ya surua. Watu walichanjwa, na baada ya sindano wakatakiwa kungoja siku 21 kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo mtoto mmoja asiyechanjwa anaweza kuchelewesha si familia yake tu, bali familia za watu wengine ambao hata hawajui jina lake.

Kinga ya surua ni dozi mbili. Hapa Uganda mtoto anapata ya kwanza akiwa na miezi 9, na ya pili, iliyoongezwa mwaka 2022, akiwa na miezi 18. Mkubwa ambaye hana karti na hakumbuki kama alichanjwa anaweza kupewa dozi mbili, moja na nyingine zikiachana siku 28 au zaidi. Kuchanjwa tena mtu ambaye tayari ana kinga hakumdhuru.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayekwenda safari anaweza kupewa dozi ya mapema ili imlinde njiani. Lakini dozi hiyo haihesabiwi. Akifikisha umri wake atapewa mbili za kawaida kama watoto wengine. Mama, usiseme, "Huyu alikwisha pata."

HOMA YA MANJANO NA KARTI YA NJANO

Homa ya manjano inaletwa na mbu, na wengi wa mbu hao wanauma mchana. Haina dawa ya kuua virusi vyake. Hospitali inamsaidia mgonjwa mpaka mwili wake ushinde au ushindwe. Huku kwetu ugonjwa huu unajulikana tangu zamani. Ile taasisi ya kuchunguza virusi iliyoko Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 hasa kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano.

Nchi nyingi zinaogopa ugonjwa huu usiingie kwao pamoja na wasafiri. Woga huo una sababu. Mwaka 2016 ugonjwa ulipowaka Angola na Kongo, wafanyakazi 11 wa Kichina waliorudi kwao kutoka Angola walifika nao mpaka China. Ndiyo maana msafiri anaulizwa karti ya njano. Kongo inaidai kwa kila anayeingia mwenye miezi 9 na zaidi. Uganda inaidai kwa anayeingia mwenye mwaka mmoja na zaidi. Nchi nyingine haziidai kwa kila mtu, ila zinaidai kwa anayetoka katika nchi zenye ugonjwa, na Kongo na Uganda zimo katika orodha hiyo.

Kuhusu karti hii, shikeni mambo manne:

1. Inaanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa leo na kusafiri keshokutwa, mpakani wanaweza kukukatalia, hata kama mkono bado unakuuma.

2. Sindano moja inatosha maisha yote. Zamani ilikuwa miaka 10, lakini sheria ilibadilishwa tarehe 11 Julai 2016, na mabadiliko hayo yanahusu hata karti za zamani. Mtu akikuambia karti yako imekwisha muda ulipie nyingine, muulize muuguzi kwanza.

3. Karti lazima iwe na jina lako kama lilivyo kwenye hati yako ya kusafiria, tarehe ya kuzaliwa, sahihi yako, tarehe ya chanjo, namba ya dawa iliyotumika, sahihi ya aliyekuchanja na muhuri wa kituo kilichoruhusiwa. Angalia yote hayo kabla hujaondoka mlangoni. Herufi moja ya jina ikikosewa, irekebishwe palepale.

4. Wale waliochanjwa Kinshasa mwaka 2016 wajue kwamba dawa ilikuwa haba, na watu zaidi ya milioni 7 walipewa sehemu moja ya tano ya dozi. Dozi ile iliwakinga katika ule mlipuko, lakini haikubaliwi kwa karti ya safari za kimataifa.

Mtoto aliyechanjwa homa ya manjano kliniki akiwa na miezi 9 ana kinga, lakini karti ya kliniki siyo karti ya njano. Uliza kituoni mapema namna ya kuipata.

Kuna pia watu wanaouza karti ya njano mtaani bila sindano. Ndugu yangu, karatasi haizuii mbu. Umelipa pesa, umebaki bila kinga, na ukikamatwa nayo mpakani safari yako imeharibika kwa mkono wako mwenyewe.

POLIO NA CHANJO NYINGINE

Anayetoka katika nchi ambako virusi vya polio vinazunguka anashauriwa kupata dozi ya polio hata kama ni mtu mzima. Dozi hiyo inatakiwa iwe imepita wiki 4 lakini isizidi miezi 12 kabla ya safari. Kwa hiyo usishangae babu akipewa matone ya watoto.

Wanaokwenda nchi ya tatu wanaweza pia kupewa chanjo ya pepopunda na dondakoo, ya homa ya ini aina ya B, na nyingine kulingana na umri wao na nchi wanayokwenda. Orodha ya kila nchi ni tofauti. Usichukue orodha ya jirani yako anayekwenda Kanada ukaifanya yako wewe unayekwenda Australia.

HESABU YA SIKU

Hapa ndipo watu wengi wanakwama. Chanjo ya surua na chanjo ya homa ya manjano zote zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Sheria yake ni moja: zitolewe siku moja, moja mkono huu na nyingine mkono ule, au ziachane siku 28. Zikifuatana karibu karibu, ya pili inaweza isifanye kazi vizuri.

Tuchukue mfano. Mtu mzima ambaye hana chanjo yoyote anakwenda kituoni tarehe 1 Machi.

Akipewa homa ya manjano na dozi ya kwanza ya surua siku hiyohiyo, karti yake ya njano inaanza kutumika tarehe 11 Machi, na dozi ya pili ya surua anaipata tarehe 29 Machi. Kwa mwezi mmoja amemaliza.

Akipewa homa ya manjano peke yake, atangoje mpaka tarehe 29 Machi kuanza surua, na dozi ya pili itakuwa tarehe 26 Aprili. Huyo ametumia karibu miezi miwili.

Watu hao wawili wamepata sindano zilezile, lakini mmoja amechelewa wiki nne. Ndiyo maana tunasema: ukifika kituoni, mwambie muuguzi waziwazi kwamba una safari, na umwonyeshe karti zote ulizo nazo.

SEMA KABLA YA SINDANO

Mweleze muuguzi kama una mimba au unafikiri unayo. Chanjo ya surua haitolewi kwa mwenye mimba, na baada ya sindano mama anashauriwa asishike mimba kwa mwezi mmoja. Sema pia kama unanyonyesha mtoto mchanga, kama mayai yanakudhuru ukiyala, kama una miaka 60 na zaidi, au kama unaishi na virusi vya UKIMWI au unatumia dawa zinazopunguza nguvu za mwili. Mambo hayo ni siri kati yako na mtoa huduma. Mtu ambaye hawezi kuchanjwa homa ya manjano anaweza kuandikiwa na daktari cheti cha msamaha, kwa hiyo kusema ukweli hakukufungii njia.

MANENO TUNAYOSIKIA TUKIPITA NYUMBA KWA NYUMBA

"Sindano hizi zinafunga uzazi." Sivyo. Ni chanjo zilezile wanazopewa wasafiri duniani kote, na wanawake waliochanjwa wanaendelea kuzaa.

"Nikipata homa baada ya sindano nitaondolewa kwenye safari." Homa ndogo, mkono kuuma au uchovu wa siku chache ni kawaida. Ikizidi, au ukipata shida ya kupumua, rudi kituoni mara moja. Kuficha homa au vipele siku ya kusafiri ni hatari kwako na kwa mnaosafiri pamoja.

"Toa kitu kidogo upate chanjo ya haraka." Huduma zote za HCR na washirika wake kuhusu kuhamia nchi ya tatu ni bure, kuanzia mahojiano mpaka medikali. Anayekudai pesa anakuibia.

"Safari ilisimama, chanjo zangu zimeharibika." Swali hili tumelisikia sana tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa na tarehe zikabaki hapa. Vipimo vya medikali vina muda wake na vinaweza kurudiwa. Lakini dozi uliyokwisha pata haipotei. Kama ulipata dozi moja kati ya mbili au tatu, hutaanza upya, utaendelea ulipoishia, hata miaka ikipita. Tena kinga ile inakulinda hapahapa kambini, safari iwepo au isiwepo.

TUNZA KARTI KAMA UNAVYOTUNZA KADI YA CHAKULA

Dozi isiyoandikwa, mbele ya mtu wa mpakani ni kama haipo. Weka karti za nyumba yote mahali pamoja, ndani ya mfuko wa plastiki, juu, ambako mvua, panya na watoto hawafiki. Mwenye simu azipige picha. Siku ya safari zibebe mkononi, usizifungie kwenye mzigo mkubwa. Na ukifika ugenini usizitupe, maana shule ya watoto na daktari wa kule wataziuliza.

KWA UFUPI

- Kusanya karti zote za chanjo nyumbani wiki hii, za watoto na za wakubwa.
- Asiye na karti aende kituoni aulize, asingoje kuitwa.
- Karti ya njano: siku 10 kabla ya safari, kwa uchache.
- Surua dozi mbili: zinaachana siku 28.
- Surua na homa ya manjano: siku moja, au ziachane siku 28.
- Jina kwenye karti lifanane na jina kwenye hati ya kusafiria.

Ndugu msomaji, tarehe ya safari inapangwa na watu walio mbali, wala hatuwezi kuiharakisha. Karti yako iko mikononi mwako. Ukiona mhudumu wa afya akipita kijijini kwenu, mwite akusomee karti yako na akuonyeshe kinachokosekana. Kama hakuna anayepita, siku ya chanjo nenda kituo cha afya cha karibu, na mtoto mgongoni.

Kinga ni bora kuliko tiba.