Bluu Kwenye Kioo

Kabla mama hajaingia naiweka chupa ya jeli kwenye beseni la maji ya moto. Kichanga akiguswa kifuani na kitu cha baridi atalia, na akilia hatuoni kitu. Mimi ni nesi wa chumba cha eko hapa Dar es Salaam. Daktari anashika kifaa, mimi namshika mtoto.

Eko ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yanaingia kifuani, yanagonga kuta za moyo na kurudi, na mashine inayageuza picha. Hayana mionzi, kwa hiyo kipimo kinaweza kurudiwa bila kumdhuru mtoto. Mwaka 1953, mjini Lund huko Uswidi, Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kupima moyo kwa njia hii. Kifaa cha kujaribia walikiazima kwenye karakana ya meli ya Malmö, ambako kilitumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma.

Aliwahi kuletwa mtoto wa siku mbili, midomo imekuwa ya zambarau. Walikotoka waliambiwa ni nimonia, lakini oksijeni aliyowekewa haikubadili kitu. Mama yake, hata kutembea bado kwa shida, alikodolea macho kioo, akaona rangi zinapishana. "Sista, hiyo bluu ndiyo damu mbaya?"

Naulizwa hivyo karibu kila siku. Hapana, mama. Rangi zile zinaonyesha damu inaelekea wapi, basi. Inayokuja upande wa kifaa mashine inaipaka nyekundu, inayokwenda mbali inaipaka bluu.

Mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni hupishana, kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Ya yule mtoto ilikwenda sambamba. Aota, inayopeleka damu mwilini, ilitoka upande wa kulia. Wa mapafuni ukatoka kushoto. Kwa hiyo damu iliyokwisha kupata oksijeni ilirudi mapafuni ilikotoka, na isiyo nayo ikarudi mwilini. Alikuwa anaishi kwa njia mbili ambazo kila mtoto huwa nazo tumboni: kitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha ile mishipa mikubwa. Zote mbili huelekea kufunga baada ya kuzaliwa. Dripu ya prostaglandini iliwekwa saa ileile ili ule mshipa ubaki wazi. Kitundu nacho kikiwa chembamba mno, hupanuliwa kwa puto dogo, eko ikiangalia.

Baba alikuwa mlangoni. "Tatizo si mmeshaliona? Mbona bado mnapiga picha?"

Namwelewa kabisa. Ila kujua ugonjwa na kujua pa kukata ni mambo mawili. Katika upasuaji wa tatizo hili, ambao Adib Jatene wa Brazil aliufanikisha mwaka 1975, mishipa mikubwa inakatwa na kubadilishana mahali, halafu ile midogo inayoulisha moyo wenyewe nayo inahamishwa. Kwa kichanga ni myembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kila mmoja unaanzia wapi? Kuna mwingine umejificha ndani ya ukuta wa aota? Kuna tundu jingine huko chini? Na ni kazi ya wiki za mwanzo, kwa sababu upande wa kushoto wa moyo, ukizoea kusukuma damu mapafuni tu, unalegea.

Sehemu ngumu tunaiacha mwisho: tao la aota. Namwekea mtoto kanga iliyokunjwa chini ya mabega, shingo inalala nyuma, kifaa kinakaa kwenye kishimo cha koo. Watoto hawapendi. Nachovya kidole chenye glavu kwenye maji ya sukari nampa anyonye, na moyo unaopiga zaidi ya mara 120 kwa dakika unatulia kidogo.

Hewa ya mapafu huzuia sauti, kwa hiyo mshipa ukijificha nyuma yake mtoto hupelekwa CT skani, yenye mionzi na dawa ya kung'arisha mishipa. Haifanywi bila sababu. Kwa MRI, mara nyingi mtoto hunyonyeshwa akashiba, akaviringishwa vizuri, akalala mwenyewe bila dawa ya usingizi.

Siku ile daktari wa upasuaji alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti. "Rudisha. Tena. Hapo, simamisha hapo." Akainama karibu na kioo, akakaa kimya muda mrefu. Mtoto alishalala, kidole changu kikiwa bado mdomoni mwake.