Maji Yanapogoma Kushuka Kooni

Mtu akilalamika kwamba chakula kinamkwama kifuani, wengi wetu husema upesi: hicho ni kiungulia, au ni vidonda vya tumbo. Basi hununua dawa ya kupunguza asidi, miezi inapita, na mwili unazidi kukonda. Wiki hii nazungumzia ugonjwa adimu unaojificha nyuma ya majina hayo. Unaitwa akalasia.

Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni misuli inayosukuma tonge kwa mawimbi. Chini yake pana msuli wa duara ulio kama mlango: tonge likifika hulegea, likipita hujifunga. Kwa mwenye akalasia, neva zinazoongoza misuli hiyo zimekufa. Mawimbi yanakosekana na mlango haufunguki sawasawa.

Daktari ataujuaje? Kwanza kwa kusikiliza. Saratani ya umio, ambayo imewaua wengi Afrika Mashariki, kwa kawaida huanza kuzuia nyama na ugali, baadaye uji na maji. Akalasia mara nyingi huzuia vyote tangu mwanzo. Kwa hiyo usiseme "nakwama" tu. Eleza unakwama na nini, na tangu lini.

Kisha kamera hupitishwa kooni, hasa kuhakikisha hakuna saratani. Lakini kamera yaweza isione kasoro yoyote, na hapo mgonjwa huambiwa hana kitu, ni wasiwasi tu. Ndiyo maana hunyweshwa bariamu, dawa nyeupe, akapigwa eksirei: umio huonekana umetanuka juu na kuchongoka chini kama mdomo wa ndege. Kipimo cha kukata shauri ni manometria. Mrija mwembamba hupitishwa puani, mgonjwa humeza maji kidogo kidogo, na mashine huandika nguvu ya misuli. Si kila hospitali inacho, hivyo ombeni rufaa.

Mwaka 1674 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari za mgonjwa aliyesukuma chakula chake kwa mfupa wa nyangumi wenye sponji nchani. Leo mlango hupanuliwa kwa puto, au msuli hukatwa kwa upasuaji. Neva hazirudi, ila chakula hupita.

Nasema hivi: kamera ikionyesha huna kitu, na maji bado yanagoma kushuka, usikubali kwenda nyumbani na chupa nyingine ya dawa ya kiungulia. Rudi, uulize kipimo kinachofuata.