Mteremko wa Lugoba na Breki ya Baiskeli

Msafiri anayeiacha Chalinze na kushika barabara kuu ya kaskazini, ile iendayo Msata na Segera hadi Tanga na Moshi, hafiki mbali kabla ardhi haijaanza kuinuka na kushuka. Si milima ya kutisha kama Uluguru. Ni vilima vya wastani, kimoja baada ya kingine, na aliyeketi ndani ya basi huenda asivitambue kabisa. Anayevijua vyema ni mwenye baiskeli. Huyo anajua ni wapi Lugoba atashuka asukume kwa mikono, na ni wapi ataiachia iende yenyewe.

Baiskeli katika nchi hii ya Wakwere ni chombo cha kazi. Hubeba maji, magunia ya mkaa, mihogo na mahindi. Humbeba mgonjwa hadi zahanati na mtoto hadi shuleni. Ukifika Msata ukakata kulia kuelekea Bagamoyo, katika barabara ya lami ya kilomita 64 inayoishia Makofia, utapita Kiwangwa, ambako mananasi hupangwa kando ya njia. Mengi ya matunda hayo hutolewa shambani kwa magurudumu mawili, juu ya keria iliyofungwa mipira ya tairi kuukuu, kabla hayajaonja kupanda lori.

Ulimwenguni ziko nchi nyingine za vilima na mashamba ambako watu husafiri kutoka mbali, kwa gharama kubwa, ili wapate tu kupanda baiskeli. Kusini mwa Hispania, katika jimbo la Jaén, mizeituni imefunika vilima hadi upeo wa macho, na mashindano makubwa ya baiskeli ya nchi hiyo hupita kati yake katika joto la mwezi wa Agosti na Septemba. Msomaji Mwislamu hawezi kuipita ardhi hiyo kimya. Hiyo ni Andalusia, ambako Waislamu walitawala tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na hata leo mkulima wa Kihispania asiyejua herufi moja ya Kiarabu huiita zeituni yake *aceituna* na mafuta yake *aceite*, maneno yaliyotoka moja kwa moja katika *az-zaytuna* na *az-zayt*. Mti huo Mwenyezi Mungu ameuapia katika Surat At-Tin. Sisi nasi wa pwani tumelichukua jina lake kutoka chemchemi ile ile.

Italia nako, katika vilima vya Toscana, yako mashindano yaliyoanzishwa mwaka 2007 ambayo sifa yake kuu ni kupita katika barabara za vumbi jeupe. Lami ipo, lakini waandaaji huikimbia kwa makusudi. Mkazi wa kijiji cha ndani cha Chalinze, anayeomba kila masika greda lipite mara moja tu, ana haki ya kutabasamu kidogo.

Vilima vya Ulaya ya kusini vimejaa pia mizabibu, na zabibu zake nyingi huishia katika mvinyo. Tarehe 17 Mei 2022, Biniam Girmay, kijana kutoka Eritrea, alishinda hatua ya mashindano ya Italia iliyomalizikia mji wa Jesi, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mashindano matatu makubwa ya dunia. Jukwaani alipewa chupa ya mvinyo aifungue kwa kuirushia hewani, kama ilivyo desturi yao. Kizibo kikamruka jichoni. Aliyekuwa amevuka vilima vyote salama alijitoa mashindanoni kwa jeraha la sherehe. Miaka miwili baadaye alirudi, akashinda hatua tatu za mashindano ya Ufaransa na kuitwaa jezi ya kijani, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu, na vilima vya Rwanda viliwatoa jasho mabingwa wa Ulaya. Basi wale wasemao kwamba baiskeli ya mbio si jambo la Waafrika wana habari za zamani.

Lakini liko jambo moja ambalo mabingwa hao wanalijua na ambalo wazazi wa Lugoba wanapaswa kulitafakari. Mlima humchosha mwendeshaji. Kinachomuua ni mteremko. Fabio Casartelli wa Italia, aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992, alifariki mwaka 1995 akishuka mlima wa Pyrenees. Gino Mäder wa Uswisi alifariki mwezi Juni 2023 baada ya kuanguka katika mteremko wa nchi yake mwenyewe. Hao ni watu waliovaa kofia au waliofunzwa tangu utotoni, wenye mafundi wa kukagua kila skrubu, na barabara zilizofungwa ili gari lisipite mbele yao.

Sasa tumweke kando yao kijana wa Lugoba. Baiskeli ya bingwa hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8. Phoenix ya baba yake ina uzito wa kilo 20 hivi ikiwa tupu, na haiendi ikiwa tupu. Juu yake lipo gunia la mkaa, pengine mawili. Breki zake ni zile za vyuma virefu vinavyosukuma vipande vya mpira kwenye rimu, na vipande hivyo vikishakwisha, mara nyingi havinunuliwi vipya. Hukatwa kipande cha kandambili, au breki huachwa kabisa na mwendeshaji hutumia soli ya kiatu juu ya tairi. Kwenye tambarare hila hiyo hufaa. Kwenye mteremko wenye mzigo wa kilo 100, mguu wa binadamu si breki.

Mazungumzo ya fundi na mteja wake tunayajua sote. Fundi husema, "Mzee, breki hizi zimekwisha." Naye mzee hujibu, "Wewe kaza mnyororo tu, breki tutazitazama mwezi ujao, Inshaallah." Neno hilo tukufu linabebeshwa mzigo usio wake. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kwa mtu wa Lugoba, kumfunga ngamia ni kununua mpira wa breki, bidhaa ndogo kuliko zote katika duka la vipuri.

Wala kijana huyo hayuko peke yake barabarani. Lugoba ina machimbo ya mawe, na malori ya kokoto huingia na kutoka humo. Juu ya hayo yapo mabasi ya mikoa ya kaskazini na magari ya mizigo ya masafa marefu. Dereva akipiga honi nyuma, mwenye baiskeli hana budi kushuka pembezoni, na pembezo mara nyingine ni changarawe iliyo chini ya lami kwa kimo cha kiganja. Gurudumu la mbele likipinda hapo, mzigo ndio unaoamua aangukie upande gani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Mtume (s.a.w.) alipowaambia masahaba wajiepushe na kukaa njiani, aliwaeleza kwamba wakishindwa kuacha, basi waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia kuwaudhi watu. Dereva Mwislamu aliyeshika usukani wa tani 30 anahusika na hadithi hiyo kuliko wazee wanaokaa barazani. Honi ya kumtisha mtu mwenye mzigo ni udhia. Kumpita kwa upana wa mkono ni udhia mkubwa zaidi.

Limebaki suala la mabinti, ambalo katika nyumba nyingi huzungumzwa kwa sauti ya chini. Shule za sekondari za kata ziko mbali na baadhi ya vitongoji, na binti anayetembea masafa marefu asubuhi na jioni hufika amechoka, hurudi gizani, na hukutana njiani na watu wenye pikipiki wanaotoa lifti kwa nia zisizo njema. Wazazi wanaomkataza baiskeli kwa hofu ya heshima wajiulize ni ipi kati ya njia hizo mbili inayoihifadhi heshima yake. Mtume (s.a.w.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa bora wa wanawake wapandao ngamia, akataja huruma yao kwa watoto na uangalifu wao kwa mali ya waume zao, kupanda kwao hakukuwa aibu. Mwandishi huyu haoni sababu ya kumnyima binti kile alichopewa kaka yake.

Yapo masharti, nayo ni ya vitendo. Atafutiwe baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, ili apande na kushuka kwa stara. Mnyororo uwe na kava, kwa kuwa pindo la baibui likishikwa na meno ya cheni humwangusha hata aliye mahiri. Suruali pana chini ya vazi husaidia. Ushungi ubanwe kwa pini usipeperuke usoni. Waende wawili au watatu, mmoja nyuma ya mwingine, na kabla ya Magharibi wawe wamefika.

Baada ya swala ya Ijumaa, baiskeli huwa zimeegemezwa ukutani mwa msikiti. Kamati ikimwita fundi mmoja akae hapo saa moja, zote zitakuwa zimekaguliwa. Naye baba anaweza kuanza nyumbani leo: ainue gurudumu la nyuma, alizungushe kwa nguvu, kisha abane breki. Likiendelea kuzunguka, mtoto asitumwe popote kwa baiskeli hiyo hadi mpira ununuliwe.